Kumtafsiria Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini kuna mambo yasiposemwa watu hudhani hayapo. Nina diploma ya ufundi wa sauti na picha. Niliisotea Dar es Salaam, mchana nikibeba spika za watu, jioni nikikaa darasani na shati lenye jasho. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala shangazi aliyenitumia nauli. Niliondoka Songea na begi moja, na miaka mingi baadaye nikarudi na lori dogo lililojaa spika, mikisa ya kuchanganyia sauti, nyaya na televisheni kubwa kiasi kwamba fundi alilazimika kung'oa fremu ya mlango wa nyumba yangu ya Ruhuwiko ili ipite. Majirani walisimama kutazama. Niliwaruhusu.

Dar nilikuwa fundi mitambo wa bendi. Kwa wasiojua, fundi mitambo ni yule mtu anayekaa nyuma ya ukumbi mbele ya vitufe vingi, ambaye hakuna anayemwangalia mpaka kipaza sauti kipige mluzi, hapo ndipo ukumbi mzima unageuka kumtazama kama mwizi. Bila yeye mwimbaji ni mtu anayepiga kelele tu. Huko ndiko nilikojifunza kuupenda muziki wa laivu, na sababu yangu ni moja: unaweza kuharibika. Mpiga solo anaweza kukata waya, mwimbaji anaweza kusahau ubeti na kuanza kuwataja wateja waliokaa meza za mbele, na kila mtu ukumbini anajua kwamba kinachotokea hakitarudiwa tena vilevile. Muziki wa kwenye simu hauna hofu hiyo. Ni kama kula picha ya ugali.

Nilirudi Songea nikiwa na njaa ya kitu hicho. Baa moja ya Lizaboni, jirani na duka langu la kukodisha spika, ilikuwa imeandika ukutani kwa rangi nyekundu: LAIVU BENDI KILA JUMAMOSI. Nilichomekea shati, nikaenda. Bendi ilikuwa mtu mmoja na kinanda. Kinanda kilijipiga chenyewe. Katikati ya wimbo simu ya yule bwana iliita, akatoka nje kuipokea, na wimbo ukaendelea. Hata sauti yake iliendelea kuimba wakati yeye mwenyewe yuko nje anabishana na mtu kuhusu mbolea. Watu walipiga makofi. Alipomaliza nilimfuata nikampa mkono.

"Bendi yako ina nidhamu sana, kaka," nilimwambia. "Inachapa kazi hata bosi akitoka."

"Tunajitahidi, mkubwa," alijibu.

Kwa hiyo nilijifungia nyumbani na mapenzi yangu ya pili, tamthilia. Simaanishi zile ambazo kila sehemu mtu anapigwa kofi, muziki unalia, na sura yake inaonyeshwa mara tatu kana kwamba kofi lenyewe halikutosha. Wala simaanishi zile za nje zinazouzwa mjini zikiwa zimetafsiriwa na jamaa anayefoka juu ya sauti za waigizaji, anacheka kabla yao, na katikati ya msiba anamsalimia rafiki yake mwenye saluni. Naongelea tamthilia zenye akili, ambamo mtu anaweza kukaa mezani na kikombe cha kahawa kwa muda mrefu bila kusema neno, na wewe unajua kwamba ndoa yake imevunjika. Hizo hutazamwa kwa lugha yake halisi, unasoma maandishi ya Kiingereza chini, na nyumba nzima inakaa kimya. Mke wangu aliijua sheria hiyo. Ni muuguzi, anafanya zamu za jioni, kwa hiyo aliitii sana akiwa kazini.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa na moja niliyoipenda kuliko zote. Ilitoka nchi moja ya baridi, na ilihusu mji mdogo ambao kiwanda chake cha karatasi kimefungwa. Kulikuwa na meya, mdogo wake meya, mjane mmoja mwenye hoteli, na theluji. Theluji ilikuwa na sehemu kubwa kuliko waigizaji wengine. Nilikuwa nimeanza tu kuielewa pale mama mkwe alipofika.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, akiona mwanga na vivuli basi, na mke wangu alimleta mjini afanyiwe upasuaji. Hospitali walimpima wakakuta presha iko juu. Daktari alisema hagusi jicho lolote mpaka presha ishuke: ameze dawa, atulie, arudi baada ya wiki kadhaa. Mama mkwe alisikia neno moja tu hapo, "arudi", akasema vizuri, yeye anarudi kwake Mbamba Bay. Mke wangu alijua kwamba akirudi ndiyo basi. Mara ya kwanza alikuwa amebembelezwa mwaka mzima mpaka akubali kupanda basi. Akishafika kwenye mihogo yake, macho yangebaki hivyo hivyo mpaka kaburini.

"Kazi yako ni moja," mke wangu aliniambia jikoni kwa sauti ya chini. "Mama asiondoke, na presha isipande. Mimi nikiwa zamu, uko naye wewe."

"Nikae naye vipi? Ni mkwe."

"Una diploma," alisema. "Tafuta njia."

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanapiga picha na wakwe zao na kuwakumbatia. Kwa desturi ya mke wangu, na kwetu Wangoni hali kadhalika, mwanaume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali meza moja, hawaangaliani usoni. Ni heshima. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemsalimu mama yule nikiwa nyuma ya nyumba, nyuma ya mti, na safari moja nyuma ya gari la mkaa. Sasa alikuwa amekaa kwenye sofa langu la ngozi, mbele ya televisheni yangu, tangu asubuhi mpaka jioni. Sebule haikuwa yangu tena. Nilikuwa naizunguka nyumba niliyoijenga kwa jasho langu kama mtu anayetaka kuiba kuku.

Siku ya tatu au ya nne nilishindwa. Ilikuwa jioni, mke wangu yuko kazini, na mama nilidhani ameingia chumbani kupumzika. Nikawasha tamthilia, nikasimama korido, nyuma ya pazia linalotenganisha korido na sebule, nikitazama kupitia upenyo. Mjane na meya walikuwa wanajibizana. Kwenye sofa kitenge kikajitikisa.

"Hao wanagombania nini?" mama mkwe aliuliza.

Sikujibu. Alijua nipo, nilikuwa nimekohoa. Na yeye pia alijua kwamba haruhusiwi kuniuliza moja kwa moja. Kwa kawaida mambo kama hayo hupitia kwa mtu wa tatu, lakini nyumbani hapakuwa na wa tatu. Watoto wetu wako bweni. Alipapasa meza ndogo iliyokuwa pembeni yake mpaka akaigusa chupa ya chai.

"Chupa," alisema kwa utulivu kabisa, "muulize baba huyo hapo nyuma, hao wazungu wanagombania nini."

Ningefanya nini. Nilijibu chupa. "Mwambie mama kwamba huyo mwanamke ana hoteli, na huyo mwanaume ni meya anayetaka kuibomoa apitishe barabara."

"Muulize, atamlipa fidia?"

"Ndicho wanachogombania."

"Basi na aendelee," mama aliiambia chupa, akajiegemeza.

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kutafsiri, mimi niliyewacheka watafsiri wote wa mjini. Kila jioni nilifunga duka mapema, nikaweka stuli nyuma ya pazia, nikasoma maandishi ya chini na kuyamwaga kwa Kiswahili. Najua hili litasikika kama majivuno, lakini nilikuwa hodari. Meya nilimpa sauti nzito, mjane nikampa ya puani kidogo. Palipokuwa na theluji nilieleza theluji. Palipokuwa na ule ukimya wenye akili, mama hakuvumilia.

"Chupa, mbona kimya? Umeme umekatika?"

"Hapana, mama. Anafikiri."

"Anafikiri nini muda wote huo?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba wakosoaji wanaosifu ukimya kwenye tamthilia hawajawahi kutakiwa kuutafsiri. Nilianza kuujaza. Nilimwambia meya anawaza mama yake, kwamba alikuwa mvuvi na alimsomesha kwa dagaa. Mama mkwe alifurahi sana kusikia kwamba huko kwenye theluji nako kuna dagaa.

Tatizo lilikuja na vifo. Tamthilia yenye akili, kwa bahati mbaya, huua watu. Sehemu ya tatu mdogo wake meya alichomwa kisu nyuma ya kiwanda. Mke wangu alikuwa amenipa onyo asubuhi hiyo hiyo, kidole kikiwa usoni kwangu: hakuna vita, hakuna maiti, hakuna kitu cha kumshtua mama. Yule jamaa alianguka kwenye theluji huku damu ikisambaa, na muziki wa kutisha ukipanda.

"Chupa, kuna nini? Mbona muziki umekuwa hivyo?"

"Anasafiri, mama," nilisema. "Anapanda basi. Anakwenda Makambako kutafuta mbao."

"Mbona analia?"

"Nauli imepanda."

Kuanzia hapo hakufa mtu. Mlinzi wa kiwanda aliyejinyonga alihamishiwa Sumbawanga kikazi. Mzee mmoja wa pale hotelini aliyepewa sumu alikwenda kusoma. Mtoto aliyezama kwenye barafu, huyo nilimpeleka seminari. Mama alisikiliza yote kwa makini, akatikisa kichwa.

"Serikali ya huko inahamisha sana watu," aliiambia chupa.

Mke wangu alimpima kila asubuhi kwa kipimo chake cha nyumbani. Presha ilikuwa inashuka kidogo kidogo. Hakuniuliza nafanyaje, nami sikumweleza. Alinipikia makande yenye nazi, jambo ambalo si la kawaida siku za kazi. Mama naye aliacha kuulizia ratiba ya mabasi. Asubuhi alimuuliza binti yake kama baba atawahi kurudi leo, maana mjane alikuwa ameitwa mahakamani.

Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari aliyehamia kutoka Mara. Ni mtu mwema, mwenye sauti ya kupanga mstari uwanja mzima. Nilikuwa nimempa nakala ya ile tamthilia kwenye flash, nikimwonea huruma kwa vitu alivyokuwa akitazama. Jioni moja nilichelewa Lizaboni, mteja amerudisha spika ikiwa na pilau ndani, na mwalimu akapita nyumbani kurudisha flash. Akamkuta mama mkwe peke yake, akamsalimu, akaketi, kwa sababu yeye si mkwe wa mtu pale. Nilipofika kwenye pazia nilimsikia mama akimsimulia kisa kilipofikia. Mwalimu alikuwa anacheka.

"Makambako? Mama yangu, mdogo wake meya amekufa. Wamemchoma kisu, sehemu ya tatu. Mimi nimemwona kwa macho yangu yuko chini kama mbuzi wa sikukuu."

"Alikwenda mbao," mama alisema.

"Nani amekwambia? Na huyo mlinzi kajinyonga. Yule mzee kalishwa sumu. Mama, mle ndani hata nusu yao hawajabaki."

Nilikohoa. Mwalimu aliligeukia pazia. "Oh, baba umerudi. Hivi unamtafsiria nini mama wa watu? Umewatia wote kwenye basi?"

"Ni toleo la familia," nilimjibu. "Lina hadhira yake."

Mwalimu aliondoka huku akicheka. Mama mkwe hakucheka. Alikaa kimya, ukimya ule wa kwenye tamthilia, na kwa mara ya kwanza sikuwa na cha kuujazia. Mwishowe aliinuka akipapasa ukuta, akaingia chumbani. Chupa hakuisemesha.

Asubuhi mke wangu alinikuta nanyoa ndevu.

"Mama anafungasha," alisema. "Anasema kesho anapanda basi."

"Kisa tamthilia?"

"Anasema kama mkwe anamdanganya kuhusu watu wa kwenye televisheni, ambao hata hawamhusu, basi kuhusu macho tunamdanganya zaidi. Anasema nilimwambia upasuaji hauumi na haujawahi kumharibu mtu. Anasema hilo nalo litakuwa Makambako."

Nilitaka kuuliza aliyetoa masharti ya hakuna maiti ni nani. Nilimtazama usoni, nikaendelea kunyoa. Hakuwa amelala. Miadi ya hospitali ilikuwa imebaki siku chache tu, presha imekaa vizuri, na mama yake yuko chumbani anafunga khanga fundo.

Sasa sikilizeni bahati yangu. Jioni ya siku hiyo hiyo bendi ilikuwa inakuja Songea. Bendi kamili, ya vyombo, kutoka Dar: solo, ridhimu, besi, ngoma, tarumbeta mbili zenye watu nyuma yake. Waliponipigia simu wakiomba fundi mitambo anayeujua ukumbi, sikuweza hata kujifanya nina shughuli. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu nirudi. Mchana nilikwenda ukumbini, nikapanga spika, nikasikiliza wakijaribu vyombo. Mpiga besi aligusa waya mmoja tu na kifua changu kikajibu. Nilikaa nyuma ya mikisa, nikavigusa vitufe, na ninawaambia ukweli, nilikuwa tayari kumwacha mama wa watu apande basi lake.

Saa kumi na moja mke wangu alinipigia akiwa anaingia zamu. Hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba mama hajala, amekaa sebuleni na begi lake miguuni, na televisheni amekataa isiwashwe.

Nilimwita kijana wangu wa dukani, nikamkabidhi mikisa. Nilimwelekeza kila kitufe, na nikamwambia kwamba kipaza sauti kikipiga mluzi ajifanye hajasikia. Kiongozi wa bendi aliniuliza kama kuna msiba.

"Hapana," nilisema. "Kuna mkwe."

Alielewa. Watu wa bendi wameoa sana.

Nyumbani nilikaa kwenye stuli yangu nyuma ya pazia. Begi lilikuwa pale kweli, na juu yake amelaza mwavuli. Nilisema shikamoo mama. Alijibu marahaba, kavu, bila ile "baba" yake ya mwisho. Niliwasha televisheni nikairudisha sehemu ya tatu, nyuma ya kiwanda.

"Mwambie mama," niliiambia chupa, "kwamba hapa kuna watu wawili wanamfuata mdogo wake meya. Mmoja ana kisu. Anamchoma ubavuni, mara mbili. Anaanguka kwenye theluji. Anakufa."

Niliendelea. Nilimnyonga mlinzi, nikamlisha sumu yule mzee, nikafika kwenye barafu, na pale nikakohoa kidogo vumbi la ukumbini. Nikasema mtoto amezama, wamemtoa, hajapumua. Nilikuwa nangoja kusikia anashika kifua. Nilikuwa nimeshika simu mkononi, namba ya mke wangu iko tayari.

"Muulize," mama aliiambia chupa hatimaye, "na mimi nitakufa hospitalini?"

Ningeweza kumpa toleo la familia. "Mwambie mama kwamba sijui," nilisema. "Wengi wanatoka wanaona. Wachache jicho linasumbua. Kuna sindano pembeni ya jicho na inauma. Binti yake alipunguza maumivu kwenye maelezo kwa sababu anataka aone. Mimi pia nataka aone, ili nirudishiwe sofa langu."

Kwenye televisheni walikuwa wanamzika yule mtoto. Watu wamesimama kuzunguka kaburi, makoti meusi, theluji inaanguka, hakuna anayefungua mdomo. Ni mazishi yaliyosifiwa sana na wanaojua tamthilia.

"Mbona kimya?" mama aliuliza.

"Wanazika."

"Hawaimbi?"

"Hawaimbi, mama."

"Mtoto anazikwa bila kuimbiwa?" Hakuiuliza chupa. Aliuliza hewa. Halafu akaanza kuimba.

Aliimba kwa Kinyasa, polepole, wimbo ambao wanawake wa kule ziwani huuimba wakiwa wamekaa chini na marehemu. Sikujua kwamba anaimba. Mke wangu aliwahi kuniambia mama yake alikuwa kinara wa kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani, enzi zake, nami nikaitikia kama mtu anavyoitikia habari za wakwe. Nimesimama nyuma ya waimbaji wengi wenye majina makubwa, na ninajua nani anabebwa na mitambo na nani anajibeba. Sauti ile ilikuwa na mchanga ndani yake. Katikati alikosa pumzi, akasimama, akarudi nyuma mstari mmoja na kuuchukua tena mahali palepale bila kupanda wala kushuka. Hakuna kitufe ambacho ningekigusa. Watu wa makoti meusi walisimama kwenye televisheni yangu ya gharama wakiimbiwa mtoto wao na mwanamke wa Mbamba Bay asiyewaona, na kwa mara ya kwanza mazishi yale yalifanana na mazishi.

Alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Chupa," alisema, "mwambie baba begi linazuia njia. Mtu atajikwaa."

Nilingoja mpaka aingie chumbani, ndipo nikatoka nikaliondoa.

Asubuhi mke wangu alimpima mara mbili, akidhani kipimo kimeharibika. Presha ilikuwa imeshuka kuliko siku zote za meya kuwaza dagaa. Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu. Nilimwambia ni diploma. Kuhusu bendi, kijana wangu alisema ilipiga mpaka watu wakapanda juu ya viti, na kwamba nilikosa. Nilimshukuru kwa taarifa.

Siku ya upasuaji daktari alikubali jicho la kulia lianze. Mimi nilikaa nje, kwenye benchi la mbali, upande ambao mkwe anapaswa kukaa, nikisoma bango moja la kunawa mikono mpaka nikaweza kulikariri. Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji. Nilisimama mwisho wa korido, ubavu ubavu, ili asinione usoni nami nisimwone. Mke wangu alikuwa amemshika mkono. Nilisikia muuguzi akimuuliza anaona vidole vingapi, naye akajibu, na mke wangu akaanza kulia hapo hapo na sare yake ya zamu ya jana, mbele ya wafanyakazi wenzake.

Mama mkwe hakulia. Alikuwa anaangalia korido. Aliangalia dari, madirisha, wagonjwa wengine mmoja mmoja, halafu nikahisi ameniangalia mimi.

"Ndiye yule?" alimuuliza binti yake.

"Ndiye, mama. Usimwangalie."

"Simwangalii," alisema, akiniangalia. "Nilidhani ni mrefu. Kwa sauti ile."

Wauguzi walicheka. Mimi nimejenga nyumba ya vigae kwa mikono yangu mwenyewe, na katika maisha yangu yote hakuna fundi, mteja wala kiongozi wa bendi aliyewahi kulalamikia kimo changu. Lakini sikuwa na ruhusa ya kumjibu, na chupa tuliiacha nyumbani.

Jioni hiyo, akiwa na kinga ya plastiki juu ya jicho moja na matone yake kwenye kikapu, aliomba awekewe ile tamthilia, tangu mwanzo. Nilishika nafasi yangu nyuma ya pazia, nikasafisha koo, nikampa meya sauti yake nzito.

"Mwambie baba apumzike," mama aliiambia chupa. "Leo naona. Nataka nimtazame mwenyewe huyo meya, nione kama ana uso wa mtu wa dagaa."

Kwa hiyo nikapata nilichokuwa nakidai tangu nirudi kutoka Dar: tamthilia yenye akili, lugha yake halisi, nyumba nzima kimya. Mama mkwe, ambaye wiki zote alikuwa akijiegemeza, sasa alisogea mbele mpaka ukingoni mwa sofa, mgongo umenyooka, kichwa juu. Alikuwa amefunga kilemba kikubwa cha kitenge, cha kutokea hospitali. Kilikuwa kimeziba maandishi yote ya chini, na kwa desturi siruhusiwi kumwomba asogee, hata kupitia chupa.